Chanzo Umekitaja, Ruhusa Je?

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa mwalimu wa sekondari. Ameskani kitabu kizima cha kiada, akakituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na chini yake akaandika jina la mwandishi na mchapishaji. "Si nimetaja chanzo, wakili?"

Umekitaja. Umeacha pia ushahidi kwamba ulijua fika kitabu ni cha nani.

Kuyafanya maneno ya mtu kuwa yako ni kosa moja. Kunakili na kusambaza kazi yake bila idhini ni kosa jingine, na kutaja jina hakuligusi hilo la pili. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unamtaka anayenukuu ataje chanzo, na pia nukuu isizidi mahitaji ya kusudi lake. Sharti moja halifuti jingine. Hata "Picha: Mtandao" haisaidii kitu, mtandao haumiliki kamera.

Wengine hunikimbizia Marekani, eti huko kuna matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu kwa kiasi bila idhini yake. Haya, twende. Mwaka 1979 jarida la The Nation lilipata mswada wa kumbukumbu za Gerald Ford, rais wa zamani wa Marekani, kabla kitabu hakijatoka, likanukuu maneno 300 hivi, na halikuficha kuwa ni ya Ford. Jarida la Time, lililokuwa limenunua haki ya kutoa dondoo kwanza, likajitoa na kugoma kulipa dola 12,500 zilizobaki. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa The Nation ilikiuka hakimiliki. Kwa maneno 300! Nanyi mnanitumia gazeti zima la PDF kabla muuzaji hajafungua kibanda.

Angalieni lakini: kwamba Ford alimsamehe mtangulizi wake, Richard Nixon, kisa kilichosimuliwa humo, na sababu zake, kila mtu aliruhusiwa kuzisimulia. Tukio halina mwenyewe. Sentensi na picha zinaye.

Basi ya kufanya, harakaharaka. Habari: isimulie kwa maneno yako, weka kiungo. Darasani: dondoa aya unayoifundisha, taja mwandishi, iache sura nzima. Picha: tafuta zenye leseni ya Creative Commons na uyasome masharti yake, maana nyingine hukataza biashara. Mnahitaji kitabu kizima? Shule inunue nakala, au imwandikie mchapishaji na kusubiri jibu la maandishi. Ukimya wake si idhini.