Coastal Union: Nafasi ya Nne Ilivyogeuka Sherehe

Ligi inapokaribia kuanza, vijiwe vya Ngamiani, Tanga, huwa na hesabu mbili. Kwanza, nani ameondoka. Pili, nani atafuata kabla dirisha la usajili halijafungwa. Habari za waliokuja hazichukui muda; mara nyingi ni majina ambayo hakuna kijiweni aliyewahi kuyaona yakicheza. Hivyo ndivyo shabiki wa Coastal Union anavyojiandaa na msimu mpya, na kwa miaka mingi sasa haulizi tena kama timu yake inaweza kuwa bingwa. Anauliza kama itabaki.

Ubingwa wenyewe haukuwa ndoto. Wagosi wa Kaya, kama Coastal wanavyoitwa, waliuchukua mwaka 1988, na siku hizo halikuwa jambo la ajabu sana timu ya mkoani kufanya hivyo. Mseto ya Morogoro iliuchukua 1975, Tukuyu Stars 1986, na baadaye Mtibwa Sugar mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu hapo taji la Ligi Kuu limewaponyoka Simba na Yanga mara moja tu, lilipokwenda kwa Azam msimu wa 2013/14, nayo Azam ni ya Dar es Salaam. Robo karne nzima kombe halijatoka Dar es Salaam likavuka Kibaha. Mtibwa wenyewe walishuka daraja 2024 ikabidi wapande upya, na mwaka uliofuata Kagera Sugar nao wakashuka. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha kuanguka kwa Coastal ndani ya uongozi wa Coastal peke yake anatafuta padogo mno.

Soma majina ya timu za zamani utaona nani alikuwa analipa: RTC Kagera, CDA Dodoma, Reli Morogoro, Bandari Mtwara. Mchezaji alikuwa mwajiriwa wa shirika, ana mshahara na mara nyingine nyumba, na jioni anafanya mazoezi. Mashirika ya umma yalipodhoofika na kuuzwa kuanzia miaka ya 1990, timu hizo zilizimika moja baada ya nyingine, nyingi bila hata kuagwa.

Coastal hawakuwa timu ya shirika. Ni klabu ya wanachama, na ndiyo maana bado ipo. Lakini wanachama nao walikuwa wakiishi kwa mshahara wa mtu: bandarini, reli, viwandani, kwenye mashamba ya katani. Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sisemi katani ilifunga mabao. Timu ya 1988 ilikuja wakati katani ilikwisha kuporomoka vibaya, na ilikuwa na wachezaji wazuri kwelikweli. Ninachosema ni kwamba mji uliokuwa na fedha yake ulikuwa na sauti juu ya vijana wake. Fedha ilipohamia Dar es Salaam, vijana waliifuata.

Mwaka 2016 ndio ulioweka jambo hili wazi. Msimu ule Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Msimu ulipokwisha zote tatu zikashuka pamoja. Mkoa ukalala bila timu hata moja. Waliotaniana maisha yao yote, Wagosi na Wana Kimanumanu wa African Sports, walijikuta hawana tena la kutaniana. Coastal walirudi 2018; wenzao bado tunawangoja.

Tangu kurudi, Coastal wamekuwa na mwendo unaojirudia, na hapa ndipo penye uchungu kuliko hata kushuka. Msimu wa 2019/20 walikuwa na ngome imara. Ulipokwisha, Bakari Mwamnyeto akaenda Yanga, Ibrahim Ame akaenda Simba, Ayoub Lyanga akaenda Azam. Msimu uliofuata timu ikasalimika kwa mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza. Mwaka 2022 wakaibuka tena, hadi fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Abdul Suleiman, Sopu, aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake, mechi ikaisha 3-3, Yanga wakashinda kwa penalti. Kabla msimu mwingine haujaanza, Sopu alikuwa wa Azam. Ligi ilipoanza, na kocha Juma Mgunda, mtoto wa nyumbani, akachukuliwa na Simba.

Halafu 2023/24, chini ya Mkenya David Ouma, nafasi ya nne na tiketi ya Afrika. Mji ulishangilia, na ilistahili. Ila tazama mtu wa 1988 akishangilia nafasi ya nne, utajua kipimo kimeshushwa kiasi gani. Safari ya Kombe la Shirikisho Afrika iliishia raundi ya kwanza ya awali kwa Bravos do Maquis ya Angola, na mechi ya marudiano ilichezwa Dar es Salaam. Wageni wa kimataifa walikuja kucheza na Tanga bila kuiona Tanga.

Suala la uwanja si dogo. Mkwakwani, kama Sokoine wa Mbeya, Jamhuri wa Morogoro na vingine vingi mikoani, ni mali ya CCM. Klabu ni mpangaji. Mpangaji habomoi jukwaa akajenga jingine, wala haweki kiwanja rehani benki. Mechi zenye mapato ya maana ni zile za Simba na Yanga, na siku hizo nusu ya uwanja, pengine zaidi, huwa nyekundu au njano na kijani. Hao si wageni waliopanda basi Dar es Salaam. Ni majirani zetu wa Chumbageni na Makorora. Mimi naona hili ndilo pigo kubwa kuliko yote: Coastal wamekuwa timu ya pili mjini kwao. Watu wengi wanaipenda, lakini wanaipenda siku ambazo wakubwa hawachezi.

Wapo wanaosema dawa ni mwekezaji. Tufanye hesabu. Mkataba wa haki za televisheni wa Azam uliosainiwa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, yaani wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka kwa ligi yote. Mwaka 2017 tajiri Mohammed Dewji alikubaliwa kuweka bilioni 20 ndani ya Simba pekee. Pengo hilo halizibwi na mfanyabiashara mmoja wa Tanga mwenye mapenzi mema. Tumewaona wa namna hiyo, hulipa mishahara misimu miwili kisha wakachoka, na klabu ikabaki na madeni na makundi mawili yanayogombana.

Kinachowezekana ni kidogo zaidi na kinachosha kukisimulia: mikataba mirefu kwa vijana kabla hawajang'ara, si baada, asilimia ya mauzo ya baadaye kila beki anapouzwa, na timu ya vijana yenye kocha anayelipwa kila mwezi. Kama Tanga imekuwa shamba la wakubwa, basi angalau mavuno yalipwe bei yake.

Kwa msimu huu natarajia timu ya katikati ya msimamo, itakayoumiza mkubwa mmoja pale Mkwakwani na kupoteza pointi za kijinga ugenini. Sitaanza kwa kuangalia washambuliaji. Nitatafuta habari ya mabeki chipukizi: nani amesaini, na kwa miaka mingapi. Wakiwa na mwaka mmoja mmoja, najua tayari mwezi Julai ujao kijiweni tutahesabu majina gani.