Harufu ya Kitunguu Saumu: Kinga ya Mmea, Hadhari kwa Ngozi

Punje nzima ya kitunguu saumu hainuki sana. Ndani yake, aliini na kimeng'enya kiitwacho aliinesi hukaa katika sehemu tofauti za seli. Mdudu anapoitafuna, au kisu kinapoikata, utando unaovitenga hupasuka. Vitu hivyo viwili hukutana na kuunda alisini, kemikali kali yenye harufu inayomfukuza mshambuliaji na kuua vijidudu.

Silaha hiyo haichagui adui. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na kufungwa juu ya ngozi kwa saa kadhaa huweza kuiunguza, hasa ngozi ya mtoto. Mgonjwa asikifunge kwenye jipu wala kidonda. Mhudumu wa afya naye, aonapo malengelenge ambayo chanzo chake hakijulikani, aulize kwa upole ni dawa gani ya nyumbani iliyotumika.