Saa yako 'inakimbia'? Huenda haijafa, imeshikwa na sumaku

UKITEMBEA kando ya barabara inayoelekea kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, hutakosa kumwona mchuuzi aliyetandika saa za mkono juu ya gunia au kuzipanga ndani ya sanduku la kioo. Nyingine ni mpya kutoka Uchina, nyingine ni mitumba, na nyingine ni saa za zamani za kutia ufunguo ambazo wenyewe waliziuza wakati wa shida.

Ukiinama ukasoma maandishi madogo kwenye uso wa saa hizo za zamani, mara nyingi utakuta neno moja la Kizungu: 'Antimagnetic'. Maana yake ni kwamba saa hiyo iliundwa ili isivurugwe na sumaku.

Wengi hulipita neno hilo bila kulijali. Hata hivyo, asiyejua maana yake anaweza kuuza mali ya babake kwa bei ya kutupa, au kununua saa akidhani amepata ngao ambayo hakuipata.

Nayasema haya kwa kuwa ni jambo linalotugusa sisi tuliorejea nyumbani. Mwaka wa 1987, vita vilipopamba moto mashariki mwa Uganda, wazazi wangu walivuka kuingia Kenya nikiwa na umri wa miaka minane. Nilisoma shule ya msingi na ya upili huko huko, kisha nikarudi Tororo ambako nafundisha somo la sayansi hadi leo.

Baba alivuka na baiskeli, blanketi mbili na Seiko 5 mkononi. Aina hiyo ya saa, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1963, hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Kwa mkimbizi, saa kama hiyo ilikuwa benki. Wapo waliouza zao wakanunua unga wa wiki mbili. Waliofaulu kuzihifadhi walirudi nazo, na ndizo hizi ambazo watoto na wajane wao wanazitoa leo sokoni wakiambiwa kwamba 'zimekufa'.

Ukweli ni kwamba nyingi hazijafa. Zimelala karibu na simu.

Kwa nini saa hukimbia

Ndani ya saa ya kutia ufunguo mna kigurudumu kinachoyumba huku na huku bila kukoma. Katika saa nyingi za zamani hupiga mara tano kwa sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa moja. Kinachokirudisha kila kinapoyumba ni kamani ndogo iliyojiviringa, nyembamba kama unywele.

Kamani hiyo ndiyo roho ya saa. Ikiwa ndefu, kigurudumu huyumba polepole. Ikiwa fupi, huyumba kwa kasi.

Sasa chukua saa hiyo uilaze usiku kucha juu ya spika ya redio. Ikiwa kamani ni ya chuma cha kawaida, itageuka kuwa sumaku ndogo, na mizunguko yake itaanza kugandana. Kamani ikigandana ni kana kwamba imekatwa ikawa fupi. Papo hapo saa huanza kukimbia. Ikikimbia kwa sekunde 10 kila saa moja, kufikia kesho wakati kama huu itakuwa mbele kwa dakika nne. Iliyoshikwa vibaya hukimbia zaidi ya hapo, na nyingine husimama kabisa.

Mfanyabiashara anayetegemea saa hiyo kuwahi basi la alfajiri atafika stendi mapema mno, na baada ya siku chache hataiamini tena.

Mwaka jana jirani yangu, mama anayevusha mayai kutoka Uganda kuyauza Kenya, alinijia na saa ya marehemu mumewe. Alikuwa akiibeba ndani ya mkoba pamoja na simu, na mkoba wenyewe ulifungwa kwa kifungo cha sumaku.

"Mwalimu, kijana mmoja wa pale barabarani ameniambia hii imekwisha. Ananipa Sh300 za Kenya aitoe vipuri. Nimpe?"

"Mama, ngoja kwanza," nikamjibu. "Hebu tuiulize dira."

Nilichukua dira ndogo tunayotumia darasani, nikaisogeza saa karibu nayo. Upande mmoja wa saa uliivuta ncha ya mshale wa dira, na nilipoigeuza, upande wa pili ukaisukuma ncha ile ile. Hapo hapakuwa na haja ya kubishana.

Tulimpelekea fundi mmoja mzee mwenye meza yake kibarazani, upande wa Kenya. Alikuwa na kifaa kidogo kama kisanduku, chenye waya wa shaba ulioviringishwa ndani na kuunganishwa na umeme. Aliweka saa juu yake, akabonyeza kitufe, akaiinua polepole hadi ikawa mbali, kisha akaachilia kitufe. Alitoza Sh100. Jioni ya siku iliyofuata mama alinipigia simu kusema saa inakwenda sawa na redio.

Hakuna uchawi hapo. Umeme wa Kenya na Uganda hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na sumaku ya waya ule hubadilika nao. Saa inapoondolewa polepole, chembe za chuma ndani yake huvutwa huku na kule kwa nguvu inayozidi kupungua, hadi zinabaki bila mwelekeo mmoja. Sumaku huwa imetoka.

Ngao ya chuma

Tatizo hili halikuanza na simu. Viwanda vya Ulaya vilipoanza kutumia umeme katika karne ya 19, saa za wahandisi zilivurugika.

Mwanasayansi wa Uswisi, Charles Édouard Guillaume, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1920 kwa kazi yake ya kuchanganya chuma na nikeli. Michanganyiko ya namna hiyo ilifungua njia ya kamani zisizoshikwa na sumaku kwa urahisi. Kufikia mwaka wa 1930, kampuni ya Tissot ilikuwa ikiuza saa ya mkono yenye sifa hiyo.

Njia ya pili ilikuwa kuifunika mitambo ya saa kwa kikombe cha chuma laini ndani ya ganda lake la nje. Chuma laini huyavuta mawimbi ya sumaku yapite ndani yake, yakizunguka mitambo bila kuigusa, mfano wa mtaro unaoyapitisha maji ya mvua kando ya nyumba. Marubani wa jeshi la anga la Uingereza walipewa saa za namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940.

Katika miaka ya 1950 zikafuata saa za raia: Ingenieur ya IWC mwaka wa 1955, Railmaster ya Omega mwaka wa 1957, na Milgauss ya Rolex. Railmaster ililengwa wafanyakazi wa reli na wengine waliokaa karibu na mitambo ya umeme. Sisi wa Tororo, mji ambapo reli kutoka Mombasa hugawanyika, moja ikienda Kampala na nyingine kaskazini, tunaelewa kwa nini. Hata injini ya dizeli ya treni huzalisha umeme unaoendesha mota za magurudumu yake.

Milgauss nayo ilivaliwa na wanasayansi wa kituo cha CERN, Geneva. Jina lake linatokana na 'elfu moja' kwa Kifaransa na gausi, kipimo cha nguvu za sumaku. Ilikomeshwa kutengenezwa mwaka wa 2023. Bila shaka, huku kwetu Uganda ukiitisha 'rolex' barabarani utaletewa chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo haiogopi sumaku hata kidogo!

Neno linaahidi nini?

Hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 764, saa inayostahimili sumaku ni ile ambayo, baada ya kuwekwa penye nguvu ya takriban gausi 60, haipotezi wala kuzidisha zaidi ya sekunde 30 kwa siku. Sumaku ya dunia yenyewe, hapa karibu na ikweta, haifiki hata nusu ya gausi. Kwa hivyo gausi 60 zilionekana kuwa nyingi.

Lakini katika miaka ya 1980 zilivumbuliwa sumaku za madini ya neodimiamu, ndogo lakini kali ajabu. Leo zimo ndani ya spika za simu, vipokea sauti vya masikioni, vifuniko vya simu na vifungo vya mikoba. Kitu kama hicho kikigusana na saa, kinaweza kuipita ile ahadi ya gausi 60 mara kadhaa.

Aidha, neno hilo kwenye uso wa saa kuukuu huenda liliandikwa kabla ya viwango vya leo, au likachapishwa na waigizaji wa saa bandia. Saa za kisasa zenye kamani ya silikoni ndizo zinazostahimili kikamilifu. Mwaka wa 2013 Omega ilionyesha saa inayovumilia gausi 15,000, sawa na nguvu ya mashine nyingi za MRI hospitalini. Hizo, hata hivyo, hazitandikwi juu ya gunia.

Je, ufanye nini? Kwanza, usilaze saa ya kutia ufunguo juu ya simu, redio wala spika. Nguvu ya sumaku hupungua haraka kwa umbali, na upana wa kiganja kati yao kwa kawaida hutosha. Anayechomelea vyuma au kurekebisha mota na aivue kabisa.

Pili, mashine za kupiga picha mizigo zisikutie hofu. Mionzi yake haiitii saa sumaku.

Tatu, unaponunua au kuuza, beba dira. Kuvuta peke yake si ushahidi, kwani chuma chochote huvuta mshale wa dira. Ushahidi ni upande mmoja kuvuta ncha na mwingine kuisukuma. Muuzaji akikupunguzia bei kwa sababu saa inakimbia, huenda umepata bahati. Wewe ukiwa ndiye muuzaji, bahati hiyo ni yako kuilinda.

Nne, ya betri si kama ya kutia ufunguo. Yenye mishale huweza kusimama ikiwa karibu na sumaku, lakini ukiiondoa huendelea, nawe urekebishe majira tu. Haina haja ya kile kisanduku cha fundi.

Wapo watakaouliza saa ya nini ilhali simu inaonyesha majira. Anayejua msongamano wa mpakani anajua kwamba simu huisha chaji, na kwamba kuitoa mfukoni penye umati ni kuwaita wezi. Isitoshe, simu ya leo hakuna atakayemrithisha mwanawe.

Wahenga walinena usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujaitoa saa ya mzee kwa Sh300, mwombe mwalimu wa mtaa wako dira kwa dakika tano.