Mwani wa Maji Baridi: Umbo, Ukoo na Jina

Mwanafunzi wa sarufi anafahamu kwamba kiambishi ki- hakitoshi kuiweka nomino katika ngeli. Kipepeo na kiboko huanza sawa na kikombe, ila upatanisho wa kisarufi huwafichua: kipepeo ameruka, wala si kimeruka. Wataalamu wanaoainisha mwani wa maji baridi, yaani vile viumbe vya kijani vinavyoonekana kwa hadubini tu, wamekumbana na mtego uo huo. (Neno mwani lenyewe limevutwa hapa kutoka ufuoni, ambako hutaja mimea ya baharini inayoonekana kwa macho.)

Mathalani, jenasi Dictyosphaerium ilipewa jina na Nägeli mnamo 1849. Seli zake ni viduara vilivyounganishwa kwa mabaki ya ukuta wa seli mama, na kundi zima hufunikwa na ute. Kwa zaidi ya karne moja, chochote chenye umbo hilo kiliitwa kwa jina hilo. Huo haukuwa uzembe. Hadubini haikuwa na zaidi la kusema.

Siku hizi mtafiti hutenga seli moja, huikuza peke yake hadi izae halaiki ya ukoo mmoja, kisha hulinganisha DNA yake na ya jamaa zake. Mwaka wa 2012, Krienitz, Bock, Kotut na Pröschold walichapisha katika jarida la Fottea matokeo ya uchunguzi wa aina hiyo kuhusu maji ya bara la Afrika. Ilibainika kwamba umbo moja limezuka katika koo mbalimbali, hivyo wakaunda jenasi mpya nne: Compactochlorella, Kalenjinia, Marasphaerium na Masaia.

Msomaji wa Kenya hahitaji kamusi kuyatambua matatu ya mwisho. Kanuni za kimataifa huruhusu jina kutokana na lugha yoyote, mradi livishwe umbo la Kilatini. Maelezo ya spishi, hata hivyo, ni suala jingine. Tangu 1958, jina jipya la mwani lilihitaji maelezo ya Kilatini. Kuanzia Januari 1, 2012, Kiingereza nacho kikakubaliwa. Sharti pia pawe na sampuli iliyohifadhiwa, au mchoro pale ambapo kiumbe hakihifadhiki. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili pekee, hata yawe kamilifu vipi, hayalihalalishi jina.