Leontyne Price, Sauti Kutoka Mississippi

Leontyne Price alizaliwa tarehe 10 Februari 1927 mjini Laurel, Mississippi, kusini mwa Marekani, enzi ambazo sheria iliwatenga Weusi na Wazungu. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mama yake alikuwa mkunga na mwanakwaya kanisani. Binti alikwenda Ohio akitarajia kuwa mwalimu wa muziki, lakini sauti yake ikampeleka chuo cha Juilliard, New York.

Sauti hiyo ilikuwa soprano, sauti ya juu kabisa ya kike, ambayo katika opera huimbwa bila kipaza sauti, ikishindana na okestra nzima. Ya Price ilikuwa nzito chini na angavu juu. Mwaka 1955 aliimba opera ya “Tosca” kwenye televisheni ya NBC. Baadhi ya vituo vya kusini vilikataa kuionyesha. Ulaya haikusita: Vienna ilimpokea mwaka 1958, na jumba la opera la La Scala, Milan, mwaka 1960, akiimba nafasi ya Aida katika opera ya jina hilo, binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa Misri. Hakuna nafasi iliyomkaa vizuri kuliko hiyo.

Tarehe 27 Januari 1961 aliingia Metropolitan Opera, New York, katika “Il trovatore”. Makofi yalidumu takriban dakika 40. Mwaka 1966 alifungua jengo jipya la Metropolitan kwa “Antony and Cleopatra” ya Samuel Barber. Onyesho lilikosolewa, yeye akasifiwa. Aliaga jukwaa la opera tarehe 3 Januari 1985, kwa “Aida”.