Biashara Ndogo na Amani ya Soko

Leo mazungumzo yetu ya amani yanaingia sokoni. Mtu atauliza: amani na kuuza ndagala vinahusiana namna gani? Vinahusiana sana. Tangu mapigano ya milima ya Minembwe yalipozidi 2017 na miaka iliyofuata, jamaa nyingi ziliacha mashamba na mifugo. Msaada ukija, huja kwa msimu, kisha unakwisha. Ndipo mama anaazima beseni, anakwenda sokoni, anaketi. Lakini mahali alipoketi pana mwenyewe, ambaye amepauzia mihogo miaka mingi. Maneno yanaanzia hapo, na jioni tunaambiwa kwamba kabila hili limegombana na kabila lile, kumbe ni ugomvi wa mahali pa kuweka beseni.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya biashara ndogo si pesa. Ni kusikilizana na watu, na kunaanzia nyumbani. Sheria ya jamaa ya 1987 ilidai mke apate ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga kwa mapatano ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inadai mume na mke wapatane kwa kila tendo la kisheria linalowafunga, kila mtu peke yake au wote wawili. Basi baba anayesema "mke wangu hawezi kukopa bila mimi" ajue kwamba hata yeye hawezi kwenda kukopa kisirisiri na kurudi na deni mlangoni. Ketini, semeni: pesa hii ni ya kazi gani, nani ataishika, na faida ikipatikana itanunua nini kwanza.

Baada ya nyumbani, soko. Usiende peke yako siku ya kwanza. Nenda na mtu wa jamaa iliyokupokea, umwone mkubwa wa soko, uulize mahali palipo wazi na ushuru wa siku ni kiasi gani. Ukipewa mwisho wa mstari, chukua. Watu watakuzoea.

Sasa tunaomba wakubwa watusikilize: mashefu wa vijiji, watu wa sekta, kamati za soko. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea na kukaa anapotaka, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 35 kinasema Leta inatia moyo biashara ndogo ya Wakongomani. Mkongomani aliyetoka Lulenge au Minembwe si mgeni Lulimba, hata kama amelala shuleni au chini ya hema. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, katika kanuni ya 22, zinasema vilevile kwamba mtu aliyehama asizuiwe kutafuta kazi wala kushiriki katika uchumi. Basi ushuru uwe mmoja kwa Mubembe, Mubuyu, Munyamulenge, Mufuliru, aliyezaliwa hapa na aliyefika jana. Bei ya ushuru iandikwe kwenye ubao, watu waisome. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi isipokuwa iliyowekwa na sheria. Kwa hiyo anayelipa apewe kitansi. Mkono unaopokea bila kuandika unapanda chuki.

Lakini mwenyeji naye ana haki. Yeye ndiye aliyegawa nyumba, kisima na kuni. Akiona wauzaji ishirini wapya wa kitu kilekile anachouza yeye, bei inaanguka, na uchungu wake ni wa kweli. Kamati iongeze mistari, isimsukume wa zamani ili kumweka wa sasa. Na wewe unayeanza, kabla ya kununua kitu, zunguka soko siku tatu mikono mitupu. Angalia ni kitu gani kinakwisha mapema, ni kipi watu wanakiulizia wasikipate. Kama wanawake kumi wanauza ndagala, pengine kinachokosekana ni chumvi ya kupimwa kidogo kidogo, sabuni ya vipande, au mtu wa kushona nguo zilizopasuka. Kazi ya mikono haina haja ya mtaji mkubwa, na anayeshona nguo za jirani hampunguzii mwenyeji wateja wa mihogo.

Sasa hesabu. Hapa ndipo biashara nyingi zinakufa, wala si kwa uchawi. Tufanye mfano, bei si za leo, ni za kujifunzia. Mama ananunua ndagala kwa franka 40.000. Analipa pikipiki 6.000, ushuru wa soko 1.000, mfuko 500. Mali imemgharimu 47.500. Anapata makopo 100, kila kopo 600. Akiuza yote ana 60.000, naye anasema, "Nimepata elfu ishirini." Hapana, mama. Umepata 12.500.

Na hizo 12.500 zinapatikana tu kama makopo yote yameuzwa. Tuseme makopo 10 yamepikwa nyumbani na makopo 15 yamechukuliwa kwa deni. Yamebaki 75, yaani franka 45.000 mkononi. Amechoka juma zima, na mtaji umepungua 2.500. Akifanya hivyo mara chache, beseni linarudi kwa mwenyewe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule, au atumie mifuko miwili: mmoja wa mtaji, mmoja wa chakula. Chakula cha nyumbani kitoke katika mfuko wa pili tu, hata kama ni kopo moja.

Kuhusu deni, tunawaonya hasa wanaopika fufu na maharagi kwa wachimbaji wa dhahabu huko Misisi. Mchimbaji anakula leo akisema atalipa dhahabu ikitoka. Pengine haitoki, au inatoka naye anahama. Weka mpaka: sahani mbili kwa mtu, jina liandikwe mbele yake. Akikataa kulipa, mpeleke kwa wazee wa mahali. Kumwita ndugu mwenye silaha ili adai franka elfu mbili ni njia ya kufika kaburini.

Biashara ikisimama, sheria inadai patenti ya mfanyabiashara mdogo. Uliza bei yake kwenye ofisi ya sekta, ulipe mahali panapotoa karatasi, uihifadhi.

Mtaji wa kuongeza utoke wapi? Wengi mnajua likelemba. Kuna pia AVEC, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Watu 15 hadi 25 wanaochaguana wenyewe wananunua hisa kila juma, kuanzia moja hadi tano. Pesa zinakaa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao si wa nyumba moja. Wanakopeshana kwa faida ndogo, na baada ya mwaka hivi wanagawana. Tunashauri funguo hizo zishikwe na wenyeji na waliohama pamoja.

Lakini AVEC ya watu waliokimbia ina swali ambalo lazima lijibiwe siku ya kwanza, kabla hata franka moja haijaingia: mmoja akirudi kwao katikati ya mwaka, itakuwaje? Andikeni kwamba atalipa deni lake kwanza, kisha atapewa hisa zake palepale, bila kungoja mgawanyo. Na risasi zikilia usiku, sanduku libebwe na nani? Kila mkutano ukimalizika, hesabu ya sanduku isomwe kwa sauti na kila mtu aishike kichwani, maana daftari linaweza kuungua. Pesa nyingi zisilale ndani ya sanduku: zikopesheni, ziwe mikononi mwa watu wengi, kila mtu na kiasi chake kinachojulikana na wote.