Gari la gofu la umeme: Inua kiti kabla ya kulipa

MNUNUZI wa gari la gofu la umeme lililokwisha kutumika hupendezwa kwanza na sura yake. Huona viti vipya, paa jeupe lisilo na mkwaruzo na matairi yanayong'aa. Akilijaribu, gari huondoka kimyakimya bila moshi wala ngurumo, naye huamini kuwa amepata mali.

Miezi mitatu baadaye, gari hilohilo hukwama katikati ya mwinuko likiwa na wageni wanne na mizigo yao.

Wanaofikwa na masaibu ya aina hii huwa wametenda kosa moja. Walikagua gari, lakini hawakukagua betri. Ilhali katika gari la umeme, betri ndizo mali yenyewe. Fremu na mota vikitunzwa vyema hudumu kwa miaka mingi, lakini betri huzeeka hata kama gari limeegeshwa tu, na kuzibadilisha zote kwa pamoja ndiyo gharama kubwa kuliko zote zinazomsubiri mwenye gari.

Hapa nchini, magari haya hayapatikani katika viwanja vya gofu pekee. Hoteli za Pwani huyatumia kuwasafirisha wageni kutoka mapokezi hadi vyumbani, na baadhi ya mitaa ya kifahari huyatumia katika shughuli za ulinzi na usafi. Kwa kuwa magari mapya ni ghali, wengi huamua kununua yaliyotumika.

Majina yanayosikika sana katika biashara hii ni matatu. E-Z-GO ilianzishwa mwaka wa 1954 katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia nchini Marekani. Club Car ina makao yake karibu na mji huohuo, nayo Yamaha ya Japani ina kiwanda cha magari haya katika jimbo hilo la Georgia.

Klabu nyingi za Marekani huyakodi magari kwa mkataba wa miaka kadhaa, kisha huyarejesha na kuchukua mengine. Yaliyorejeshwa huoshwa, hupakwa rangi na kuuzwa upya. Ndiyo maana gari linaweza kung'aa kama jipya ilhali betri zake zimefika ukingoni.

Betri hueleza umri wake

Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika gari la gofu, methali hii ni ya kuchukuliwa jinsi ilivyo, kwani betri hukaa chini ya kiti. Mnunuzi anapaswa kuinua kiti na kutazama kabla ya kuzungumzia bei.

Magari mengi ya volti 48 hutumia betri sita za volti 8 kila moja, au nne za volti 12. Yale ya volti 36 hutumia sita za volti 6. Hizi ni betri za risasi na tindikali, na si sawa na betri ya gari la kawaida. Betri ya gari la kawaida hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, lakini hii hutoa nguvu kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Anayeshawishiwa kuweka betri za kawaida ili aokoe pesa ajue kwamba zitakufa mapema.

Watengenezaji wengi hugonga herufi na tarakimu juu ya betri. Kwa kawaida herufi husimamia mwezi, A ikiwa Januari, na tarakimu husimamia mwaka. Betri yenye alama ya C5, kwa mfano, huenda ilitengenezwa Machi 2025, au Machi 2015. Uchakavu wa betri yenyewe utaonyesha ni mwaka upi kati ya hiyo miwili.

Betri zilizotunzwa vyema huweza kutumika kwa miaka minne hadi sita. Joto hupunguza umri huo, hivyo basi mnunuzi wa Mombasa au Malindi asitarajie miaka sawa na ya mwenzake wa Limuru.

Jambo jingine la kutazama ni kama betri zote zina umri mmoja. Zimeungwa kwa mfuatano, na umeme uleule hupitia kila moja. Ni kama msafara unaolazimika kwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Muuzaji aliyebadilisha betri moja tu kati ya sita hakulitengeneza gari, bali aliahirisha tatizo, kwa maana zile kuukuu zitaichosha mpya kabla ya wakati wake.

Usidanganywe na namba

Wauzaji wengine huliacha gari kwenye chaja hadi dakika ambayo mnunuzi anafika. Betri iliyotoka kwenye chaja huonyesha volti za juu hata kama ni mbovu. Ili namba iaminike, betri zinapaswa kupumzishwa kwa saa kadhaa baada ya kuchajiwa, ikiwezekana usiku mzima.

Zikiisha kupumzika, betri za gari la volti 48 zilizojaa husoma takriban volti 50.9 kwa jumla, na za volti 36 husoma takriban 38.2. Hapa ndipo wengi hukosea. Mita ikionyesha 48.4 kwenye gari la volti 48, mnunuzi hudhani mambo ni shwari, kumbe nusu ya nguvu imekwisha.

Hata hivyo, kipimo cha gari lililosimama hakitoshi. Gari linafaa kujaribiwa likiwa limebeba watu kamili, mahali penye mwinuko, kwa muda usiopungua nusu saa. Kisha kila betri ipimwe peke yake, ikiwezekana wakati gari linapopanda. Zote hushuka kidogo, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini ikiwa moja inashuka mbali chini ya wenzake, hiyo ndiyo itakayolikwamisha gari.

Fundi mwenye haidromita, kile kifaa cha kupima uzito wa tindikali, anaweza kuchunguza kila chumba cha betri. Betri iliyojaa husoma karibu 1.270. Tofauti ya 0.050 au zaidi kati ya chumba kimoja na kingine ni ishara ya betri inayoelekea kufa.

Muuzaji akikataa gari lisijaribiwe kwa namna hii, mnunuzi amekwisha kupata jibu.

Chaja ya ng'ambo

Umeme wa majumbani nchini Marekani ni wa volti 120 na mzunguko wa 60 kwa sekunde. Wa Kenya ni volti 240 na mzunguko wa 50. Gari lililoletwa kutoka huko pamoja na chaja yake laweza kumsumbua mnunuzi tangu siku ya kwanza.

Wapo wanaodhani kuwa transfoma ya kupunguza volti itamaliza tatizo. Haimalizi, kwa sababu transfoma hubadilisha volti lakini haibadilishi mzunguko. Chaja nyingi za zamani zilisanifiwa kutegemea mzunguko wa 60, na zikiunganishwa kwenye wa 50 haziwezi kuchaji ipasavyo. Mnunuzi anashauriwa kusoma kibandiko cha chaja. Kikiandikwa 100 hadi 240, na 50/60, hana la kuhofia. La sivyo, ajumuishe bei ya chaja nyingine katika hesabu zake.

Kuna tatizo jingine ambalo huwashangaza wengi. Chaja huunganishwa, lakini haianzi kazi. Mara nyingi sababu ni kwamba betri zimeisha kiasi kwamba chaja haizitambui tena. Katika baadhi ya magari ya Club Car ya miaka ya nyuma, kuna kompyuta ndogo inayosimamia uchajiaji, na ikiharibika chaja hubaki kimya ingawa ni nzima.

Gari likikataa kuondoka

Si kila hitilafu hutokana na betri. Gari lisipotoa hata mlio wa kubofya linapokanyagwa, fundi huanza na ufunguo, fyuzi na swichi ndogo iliyo kwenye pedali. Magari mengi ya kisasa huwa pia na swichi ya kuchagua kati ya kuendesha na kuvuta, na mara nyingine gari huwa limeachwa tu kwenye hali ya kuvutwa. Swichi hiyo isipuuzwe, kwani kuyavuta baadhi ya magari bila kuigeuza huweza kuharibu mfumo wa umeme.

Mlio ukisikika lakini gari lisisogee, hushukiwa solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayofungulia mota umeme. Nyingine za kushukiwa ni brashi za mota zilizolika na kidhibiti cha mwendo. Kidhibiti ni ghali, kwa hivyo kisibadilishwe kabla ya vingine vyote kuchunguzwa.

Gari likienda polepole kuliko kawaida, huenda betri ni dhaifu. Lakini huenda pia breki zinashika zisipotakiwa, au matairi hayana upepo wa kutosha.

Nyaya nazo zikaguliwe. Kichwa cha betri kilichoyeyuka ni ushahidi kwamba waya ulilegea na ukapata moto. Unga mweupe au wa kijani ni kutu ya tindikali, na huzuia umeme kupita.

Katika maeneo ya karibu na bahari, fremu yenyewe haina budi kuchunguzwa. Fremu za E-Z-GO ni za chuma, na chumvi ya hewani ikishirikiana na tindikali inayodondoka hula chuma hicho, hasa chini ya betri. Club Car hutumia fremu ya alumini isiyoshika kutu, ingawa bolti na vipuri vyake vya chuma havina kinga hiyo.

Matunzo ya kila siku

Betri za risasi huharibiwa zaidi na kuachwa bila chaji kuliko kutumiwa. Zikikaa hivyo, chumvi ya salfeti huganda kwenye vibamba vya ndani, na baada ya muda haiondoki tena. Gari lichajiwe kila siku baada ya kutumiwa, hata kama limekwenda mwendo mfupi, na nguvu isiachwe kushuka chini ya nusu. Umeme ukipotea usiku, asubuhi ihakikishwe kwamba chaja ilimaliza kazi yake.

Maji yakaguliwe angalau mara moja kwa mwezi, na mara nyingi zaidi wakati wa joto. Yanayofaa ni maji yaliyotoneshwa, si ya mfereji wala ya kisima, kwa kuwa chumvi zilizomo huua betri. Huongezwa baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda betri inapochajiwa na yanaweza kufurika pamoja na tindikali. Ikiwa vibamba vimeachwa wazi, huongezwa kiasi cha kuvifunika tu kabla ya kuchaji. Tindikali mpya haiongezwi.

Usalama usisahaulike. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Gari lichajiwe mahali penye hewa ya kutosha, na pasiwe na sigara wala cheche. Fundi avue pete na saa, avae miwani na glavu. Tindikali ikimrukia mtu, aoshe mahali hapo kwa maji mengi mara moja.

Wapo wanaohamia betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi, hazihitaji maji na hudumu zaidi. Bei yake ya kwanza ni ya juu, na zinahitaji chaja inayozifaa. Kwa gari linalofanya kazi kila siku, gharama hiyo huweza kujilipa. Kwa gari linalotumika wikendi pekee, hesabu ifanywe kwa makini.

Hatimaye, betri zilizokufa zisitupwe wala kuuziwa mtu yeyote anayepita akinunua vyuma vikuukuu. Wakenya wanakumbuka yaliyotokea katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi walidhurika kwa sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mnamo 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Betri kuukuu zapasa kurudishwa kwa muuzaji au kupelekwa kwa mwenye leseni ya kuzichakata.

Rahisi huwa ghali. Mnunuzi achukue bei anayotajiwa, aongeze bei ya betri mpya zote na ya chaja inayofaa, kisha alinganishe jumla hiyo na bei ya gari jingine lenye betri changa. Mara nyingi atagundua kwamba lile lililoonekana ghali ndilo nafuu.